Anayeponya kwa Sauti Awe na wa Kumuuliza

Kuna kazi ya kale ambayo watu wengi duniani wameanza kuikimbilia upya, na sasa imefika hata katika hoteli za pwani yetu: kuimba na kupiga ala za ibada kwa nia ya kumtuliza au kumponya mwenye taabu. Anayeifuata huvuka mipaka mingi. Hujifunza kirtani, nyimbo za ibada za Kihindi, akaongeza dhikri za masufi na ngoma za Afrika Magharibi, kisha huwakusanya watu, wakalala chali juu ya mikeka, naye akazigonga bakuli za shaba mpaka mvumo uwapite mwilini. Wapo wanaomcheka mtu wa namna hii na wapo wanaomwita mshirikina. Mimi naona amechagua kazi halali, yenye heshima, tena inayohitajika sana katika miji yetu, ambako wenye sonona na wasiwasi ni wengi na madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno. Lakini heshima hiyo ina sharti, na sharti lenyewe silo linalotajwa kwa kawaida. Watu huuliza kama ala ni ya asili, kama wimbo ni mkongwe, kama mwimbaji ana kipaji. Swali lenye uzito ni jingine: akikosea, nani ana uwezo wa kumwita na kumtaka ajieleze?

Tuanzie Moroko, maana huko kazi hii bado inaonekana ikiwa kamili. Wagnawa ni kizazi cha Waafrika waliovushwa jangwa la Sahara, wengi wao wakiwa watumwa na askari. Waliingia katika Uislamu na ngoma yao wakaingia nayo. Ibada yao kubwa huitwa lila, na hukeshewa usiku kucha. Fundi mkuu, maalem, hushika gimbri, ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya ngamia. Vijana wake hugonga vyuma vya mkononi viitwavyo krakebu. Na nyimbo hufuatana kwa rangi, rangi saba, kila moja na ubani wake, nguo zake, na mawalii au majini wake. Mgonjwa hungoja wimbo unaomhusu, ukifika humpanda, akacheza mpaka atulie. Msomaji wa Tanga, Pemba au Mombasa aliyewahi kuona ngoma ya pepo hahitaji kuelezwa zaidi. Asilolijua mgeni ni kwamba maalem, pamoja na sifa zake zote, hana shughuli peke yake. Mwenye kumjua mgonjwa ni mukadema, mara nyingi mwanamke wa makamo, na ndiye anayepanga sadaka, ubani na nguo. Ndiye anayemwita maalem, na asiporidhika naye, safari nyingine atamwita mwingine. Maalem mwenyewe hakujitangaza. Alitambuliwa na waliomtangulia baada ya miaka mingi ya kuitikia na kugonga vyuma nyuma ya wakubwa. Na mgonjwa ana ndugu waliokaa pale pale, wakitazama. Kila aliyemo katika lila ana mtu anayemtazama na ana mtu atakayemlaumu. Mwaka 1998 mji wa Essaouira ulianzisha tamasha kubwa la muziki huu, na mwaka 2019 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa binadamu. Jukwaa na orodha vimeleta sifa na kipato, navyo ni haki yao. Ila uponyaji wenyewe haukuzaliwa jukwaani. Umelelewa na mpango huu wa watu kuulizana.

Je, mtu wa mbali anaweza kuingia katika mpango wa namna hiyo? Anaweza, na mfano mzuri ni Randy Weston, mpiga piano wa jazi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1926. Sisi tuna sababu yetu ya kumkumbuka: mwaka 1960 alirekodi albamu ya Uhuru Afrika, yenye maneno ya mshairi Langston Hughes, na maneno hayo yalisomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, wakati Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Mwaka 1967 Weston alifika Moroko, akahamia Tangier na kuishi huko kwa miaka kadhaa. Huko alikutana na Abdellah El Gourd na Wagnawa wengine, akakaa nao, akasikiliza. Katika maisha yake aliyoyasimulia na kuchapishwa kitabuni mwaka 2010, anaeleza kwamba alitaka kuupiga hadharani wimbo mmoja alioujenga juu ya muziki wao, na mkubwa wao akamkataza kwa kuwa ni wa ibada. Weston alikuwa na jina, alikuwa na wasikilizaji, na hakuna sheria ya hakimiliki ambayo ingemzuia. Alitii. Alirudi baadaye kuomba, na hakuupiga mpaka alipokubaliwa. Na alipokwenda kuwarekodi mwaka 1992, jina la albamu lilikuwa lao, mafundi wa Kignawa wa Moroko. Hakuwa Mgnawa wala hakudai kuwa Mgnawa. Alichofanya ni kuwapa watu wengine haki ya kumwambia hapana. Kwa maoni yangu huo ndio mstari unaomtenga mwanafunzi na mchukuaji, na damu, rangi au pasipoti havina nafasi katika mstari huo.

Mtazame sasa mtu wa upande wa pili wa mstari. Bakuli za shaba zinazovuma zimetengenezwa Nepali na nchi jirani za Himalaya kwa muda mrefu, na sauti yake ni nzuri kweli. Lakini matangazo hueleza kwamba watawa wa Tibet wamekuwa wakiwaponya wagonjwa kwa bakuli hizi kwa maelfu ya miaka, na habari hiyo haina ushahidi. Umaarufu wake katika nchi za Magharibi ulishika kasi baada ya mwaka 1972, wanamuziki wawili wa huko, Henry Wolff na Nancy Hennings, walipotoa albamu iitwayo Tibetan Bells. Wapo Watibeti wenyewe waliosema kwamba tiba hiyo hawaijui. Upya wa jambo si kosa hata kidogo. Kila ibada ya kale ilikuwa na siku yake ya kwanza, na pengine miaka mia ijayo bakuli zitakuwa na mapokeo yao ya heshima. Kosa ni kuazima wazee. Mtu anayesema amepokea elimu kutoka kwa watawa anajivika dhamana ya watu ambao hawana habari naye. Hawakumfundisha, hawamjui, hawawezi kumzuia. Anapata heshima ya kuwa na mwalimu bila mzigo wa kuwa naye, na mteja aliyelala mkekani hana njia ya kutofautisha.

Kuna pingamizi kubwa hapa, na linastahili kusikilizwa kwa makini kwa sababu nusu yake ni kweli. Linasema: sauti ni mtetemo, na mtetemo hauna kabila wala dini. Mwili ukitulizwa, umetulizwa, awe amegonga mtawa au karani wa benki. Ushahidi upo. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, utafiti mdogo wa watu 23 wenye afya njema. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, na wakapimwa pia wakitamka mantra ya yoga. Sala zote mbili zilishusha pumzi mpaka karibu mara sita kwa dakika, na katika mwendo huo mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilianza kupanda na kushuka kwa pamoja, hali ambayo madaktari huihesabu kuwa njema kwa moyo. Sala ya Mkatoliki na mantra ya yoga, za mapokeo mawili tofauti, zimefikia pumzi ile ile. Mwaka uliofuata watafiti wa Sweden walionyesha kwamba kuvumisha sauti midomo ikiwa imefungwa huzidisha takriban mara 15 hewa ya naitriki oksidi inayotoka puani, hewa ambayo ina kazi ya kupanua mishipa. Nayapenda matokeo haya. Yanaonyesha kwamba babu zetu waliokuwa wakivuta dhikri au kuitikia sala kwa mafungu marefu hawakuwa wakipoteza pumzi zao.

Lakini someni tena kilichopimwa. Katika tafiti zote mbili waliofaidika ndio waliotamka au kuvumisha wenyewe. Hawakulala wakingoja kuponywa na mtu mwingine. Na kilichopatikana ni utulivu wa pumzi na moyo, jambo la thamani, lakini saratani, kisukari na kifafa havikuguswa. Kutoka hapo mpaka kudai kwamba masafa fulani hurekebisha chembe za uhai ni safari ndefu, na wengi huiruka kwa hatua moja. Chukua madai ya hezi 432, yanayosambazwa kila siku kwenye simu zetu: kwamba hiyo ndiyo sauti ya maumbile, na kwamba hezi 440 inayotumiwa na wanamuziki wa dunia ni hila. Hezi 440 ilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939, ili vinanda na bendi za nchi mbalimbali zipatane. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na kipimo chake. Zaidi ya hayo, hezi ni hesabu ya mitetemo kwa sekunde, na sekunde ni kipimo walichokigawa wanadamu. Maumbile hayakupata kukaa na saa ya mkononi yakachagua 432. Anayemwambia mgonjwa maneno hayo huenda ana nia njema, lakini anatamka jambo ambalo hakuna aliyemtaka alithibitishe, na hilo ndilo tatizo ninalolisema.

Linganisha na watu wa tiba ya muziki, waliojipanga kuwa taaluma, wenye vyama, mitihani na maadili ya kazi. Marekani chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1950. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi tisa, likihusisha watoto 364 wenye usonji. Wote walipewa huduma ya kawaida pamoja na ushauri kwa wazazi, na nusu yao wakaongezewa vipindi vya kupiga muziki na mtaalamu. Baada ya miezi mitano hapakuwa na tofauti ya maana katika dalili kuu za usonji. Waliobuni na kuendesha jaribio hilo walikuwa wenyewe watu wa tiba ya muziki. Wangeweza kulificha. Walilichapisha, tena katika jarida linalosomwa na madaktari wa dunia nzima. Mwaka huo huo mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane kuhusu sonona yaliona kwamba tiba ya muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida husaidia kwa muda mfupi kuliko matibabu hayo peke yake. Mimi nayaamini matokeo haya ya pili zaidi kwa sababu niliwaona wakikiri yale ya kwanza. Kuhusu bakuli, utafiti unaonukuliwa mara nyingi ni wa mwaka 2017 pia, wa watu 62 walioripoti kupungukiwa na mkazo na hasira baada ya kipindi. Sina sababu ya kuwakanusha. Ila haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hatuwezi kutenganisha kazi ya bakuli na kazi ya kulala chini kwa utulivu, simu ikiwa imezimwa, mahali ambapo hakuna anayekudai kitu. Jaribio la kitabibu ni njia mojawapo ya kumwita mponyaji ajieleze, kama vile mukadema alivyo njia nyingine. Ni mabaraza mawili tofauti, na kila moja lina aina ya uongo ambao haupiti.

Mahali ambapo mabaraza haya mawili yalikutana ni Gambia, na natamani habari hii ijulikane zaidi kwetu. Huko kuna vikundi vya wanawake viitwavyo kanyeleng, vya akina mama waliochelewa kupata watoto au waliofiwa na watoto wao. Wamekuwa wakiimba, wakicheza na kuombeana kwa vizazi, na wamezoea kuitwa kupeleka ujumbe wa afya vijijini. Watafiti wa Gambia na Uingereza walikaa nao wakaandaa pamoja vipindi vya kuimba kwa wajawazito. Viongozi wa vipindi walikuwa kanyeleng wenyewe, nyimbo zilikuwa zao, na hakuna aliyelazwa mkekani. Kila mjamzito aliimba na kucheza. Lilikuwa jaribio dogo la kupima kama jambo linawezekana, la wanawake zaidi ya mia moja, wengine wakiwa kundi la kulinganisha, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioimba. Hakuna mzungu aliyepeleka tiba mpya, na hakuna mila iliyosamehewa kupimwa. Mwanamke aliyeimba juma hili atakutana na kiongozi wake kisimani juma lijalo, na huko kukutana ni sehemu ya dawa.

Mwenye shaka atasema basi kinachoponya ni imani tu, au ni kampani ya watu, muziki haukufanya kitu. Kwanza, kampani ya watu ambayo ina nguvu ya kumpunguzia mjamzito sonona si kitu cha kutanguliziwa neno "tu". Pili, sijui njia iliyo bora kuliko wimbo wa kuwafanya watu ishirini wasiojuana wapumue pamoja ndani ya dakika tano. Mwenye kuipata na aijaribu. Lakini hoja ya mwenye shaka ikikubaliwa hata yote, bado inanisaidia: kama dawa ni uhusiano, basi anayekuja jioni moja, akakusanya ada na kupanda ndege, ameuza chupa akaondoka na dawa.

Pingamizi gumu zaidi linatoka upande mwingine kabisa. Linasema: wewe unawasifu wazee na mapokeo yao, je, hujaona yanavyoweza kuua? Nimeona, na sitalipita. Katika kijiji cha Erwadi, jimbo la Tamil Nadu nchini India, pana kaburi la walii linalosifika kwa kuponya wagonjwa wa akili, na kando yake palijengwa nyumba za kuwaweka. Tarehe 6 Agosti 2001 moja ya nyumba hizo ilishika moto. Wagonjwa 28 waliteketea kwa sababu walikuwa wamefungwa minyororo. Mapokeo yalikuwepo, mwenye kuhojiwa hakuwepo: ndugu walikuwa mbali, serikali haikuwa ikikagua, mgonjwa hakusikilizwa. Tanzania nayo inaikumbuka Loliondo ya mwaka 2011, magari yakipanga foleni ya kilomita kadhaa kufuata kikombe cha dawa, na wapo walioacha vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuamini wamepona. Na kwa upande wa yoga na kirtani, miaka ya karibuni imeleta hadharani kesi nyingi za walimu walioheshimiwa kama watakatifu huku wakiwadhulumu wanafunzi wao. Ndiyo maana sikusema mponyaji awe na mzee. Nimesema awe na wa kumuuliza, na mzee asiyeulizwa na yeyote ni hatari kuliko kijana mwenye cheti cha wikendi, kwa kuwa utii anaopewa ni mkubwa zaidi.

India hiyo hiyo ina mfano unaofundisha kinyume chake. Katika jimbo la Gujarat, kwenye kaburi la Mira Datar huko Unava, madaktari wa magonjwa ya akili waliwekwa karibu na wahudumu wa kaburi katika mpango ulioitwa Dava na Dua. Mhudumu anaendelea kumwombea mgonjwa, na anamwelekeza kwa daktari. Daktari hamkatazi mgonjwa kurudi kaburini. Katika jimbo lilo hilo, huko Ratanpur, wanaishi Wasidi, kizazi cha watu waliotoka Afrika Mashariki, wanaopiga ngoma waiitayo goma kwa ajili ya Bava Gor, walii wao, na wanaofikwa na masaibu ya akili huenda kwao, Waislamu kwa Wahindu. Ngoma iliyovuka bahari kutoka pande zetu inaendelea kutuliza watu wa dini mbili nchini mwao. Yaliyofanyika Unava yangewezekana Bagamoyo au Lamu bila sheria mpya, kama hospitali na wenye ngoma wangekubali kukaa meza moja.

Hapo nitapingwa na watu wa dini, kwa nia safi, kwamba ibada ni ya Mungu, na kuitumia kwa matibabu ni kuichafua, au kwamba ngoma haina nafasi mahali patakatifu. Lamu iliwahi kuupitia ubishi huo. Habib Saleh, wa ukoo wa Jamalil-Leil, alizaliwa Ngazija mwaka 1853, akaja Lamu akiwa mgeni. Aliwasomesha watu wa chini na watumwa, akaleta maulidi yaliyotungwa na Ali al-Habshi wa Hadhramauti, na matari yakapigwa msikitini. Wakubwa wa mji walimpinga vikali. Hakukimbia mjadala. Alijibu kwa elimu, akakaa, akajenga Riyadha, akafundisha, na watu wakamwendea kwa dawa na dua mpaka alipofariki mwaka 1936. Leo maulidi ya Lamu hukusanya wageni kutoka pwani nzima. Alichokileta kilikuwa cha Hadhramauti, yeye alikuwa wa Ngazija, na wasikilizaji walikuwa wa Lamu. Kama hilo silo kuvuka tamaduni sijui ni lipi. Lakini kwa zaidi ya nusu ya umri wake mji mzima ulijua mlango wake ulipo. Kwaya za makanisa yetu zina utaratibu unaofanana na huo: mwimbaji asiyefika mazoezini husemwa, mwalimu wa kwaya ana mchungaji juu yake, na kwaya hiyo hiyo ndiyo inayokwenda kuimba msibani.

Yupo mmoja anayeonekana kuivunja hoja yangu, naye ni Alice Coltrane. Alizaliwa Detroit mwaka 1937, akapiga piano na oganu kanisani tangu utotoni, akawa mpiga jazi, akaolewa na John Coltrane. Mumewe alipofariki mwaka 1967, akimwachia watoto wadogo, alipitia miaka ya kukosa usingizi, kukonda na kuona njozi. Alimpata mwalimu wa Kihindi, Swami Satchidananda, akasafiri India, kisha akaanza kutenda kwa yale aliyoona amefunuliwa na Mungu moja kwa moja. Aliacha studio za biashara mwishoni mwa miaka ya 1970. Bhajani, yaani nyimbo za ibada za Kihindi, alizoziimba baadaye zilikuwa na maneno ya Kisanskriti na mwendo wa gospeli ya Detroit, jambo ambalo hakuna mzee yeyote wa India aliyempa ruhusa ya kulifanya. Alimjibu nani, basi? Mwaka 1983 alifungua ashramu, makao ya ibada, huko Agoura, California, na akaishi na watu wake, akiongoza ibada na kuimba nao Jumapili hadi alipofariki mwaka 2007. Kaseti alizozirekodi katika miaka hiyo zilisambazwa zaidi ndani ya jumuiya yake, na dunia ilizisikia kwa upana mwaka 2017 tu, miaka kumi baada ya kifo chake. Watu waliozoea kuimba naye walimwona akizeeka. Nakubali kwamba jumuiya iliyojengwa juu ya mtu mmoja ni jambo la hatari, na nyingi zimeharibika. Ya kwake ilidumu kwa sababu hakuwa akiuza tiba. Alikuwa akiabudu pamoja na watu. Mchanganyiko wa tamaduni haukumpunguzia kitu, nami naona wanaolinda usafi wa mila wana la kujifunza kwake.

Hivyo basi, kwa kijana wa Mombasa, Bujumbura au Muscat anayetaka kuishi maisha haya, njia ipo na haianzi mbali. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za majahazi, ambako udi, kanuni na ngoma hufundishwa na watu wenye majina yanayojulikana mjini. Kuna vikundi vya maulidi ya homu, kuna kwaya, kuna wazee wa ngoma ambao wanazeeka bila mwanafunzi. Akishakuwa na mahali ambapo anakosolewa, aende India, Moroko au popote, maana atakuwa amekwisha kujua kuketi chini ya mtu. Na kwa hoteli za pwani zinazowauzia wageni vipindi vya sauti, madai yangu si makubwa. Tangazo liseme mponyaji amefunzwa na nani, wapi na kwa muda gani, ili mwalimu huyo aweze kuulizwa. Liseme wazi kwamba kipindi hakichukui nafasi ya dawa. Na pale nyimbo za dhikri au za pepo za watu wa kijiji jirani zinapopigwa bwawani kwa wageni, wenye nyimbo waulizwe kwanza kama zinafaa kupigwa hapo, walipwe wakikubali, na ziachwe wakikataa.